Kushea mbio zako au kujimwambafai? Kilomita zilezile, posti mbili

Jumapili moja hapa karibuni grupu letu la joging lilipokea posti mbili zimepishana kama dakika kumi tu. Wenye posti wote tulitoka nao pamoja saa kumi na moja na nusu alfajiri pale Coco Beach, tukapanda Daraja la Tanzanite, tukazunguka mjini, tukarudi, kilomita 21 na kidogo. Barabara moja, na joto lilelile la Dar ambalo ikifika saa moja asubuhi tu fulana unaikamua.

Posti ya kwanza ya kijana mmoja, skrinishoti ya saa yake, 1:48 (saa moja na dakika 48), pesi 5:07, yaani dakika kwa kila kilomita, chini kaandika "Wakati wengine mmelala. Levo nyingine."

Posti ya pili ya dada mmoja, picha ya raba zimeloa chapachapa, kaandika: "21 leo kwa 2:27. Kwenda nilijiona mzima, kurudi darajani upepo ulikuwa wa usoni ukanimaliza. Kuanzia kilomita ya 16 nimekimbia dakika tisa natembea moja mpaka mwisho, na miguu haijaniuma kama mara ya kwanza. Anayetaka kujaribu hiyo aniulize."

Ya kwanza ilivuna viemoji vya moto na makofi mpaka unashusha kwa kidole. Ya pili ilipata moto kidogo ila ikapata maswali sita, na moja lilitoka kwa mama mmoja ambaye tangu aingizwe kwenye grupu mwezi wa kwanza hajawahi kuandika hata salamu: "Habari za asubuhi wanangu. Samahani, hiyo dakika ya kutembea unaihesabu kwa saa au unausikiliza mwili?"

Nimekaa na hizo posti mbili wiki nzima, maana inboksi yangu kila siku kuna mtu anauliza dada niposti au nisiposti, nisije nikaonekana najimwambafai. Basi ngoja niziweke ubavu kwa ubavu, kila mtu achague yake akiwa anajua anachochagua.

Kwanza tuondoe hili kichwani, tofauti siyo kasi. Watu wengi wanadhani mwenye 1:48 akisema ndo anakoga na mwenye 2:27 akisema ndo mnyenyekevu, hapana kabisa. Yule kijana angeweza kuandika "1:48 leo, Desemba nilikuwa 2:03, nilichobadilisha ni kimoja tu, mbio zangu za katikati ya wiki nilikuwa nazikimbia kwa hasira zote, sa hivi naenda taratibu kiasi kwamba naweza kuongea na mtu sentensi nzima bila kuhema, nguvu naziacha kwa siku moja tu ya wiki." Namba ileile, 1:48, haijapungua hata sekunde, lakini hapo mtu anaondoka na kitu. Na yule dada angeweza kuandika "Mimi mama wa watoto watatu nimemaliza, nyie vijana mnaoshinda mnalalamika mnasubiri nini," hapo 2:27 yake ingekuwa fimbo. Kwa hiyo ukiona mtu mwenye spidi kataja spidi yake usikimbilie kumhukumu, angalia kama na njia ya kufika pale kaitaja au kaificha.

Na kwenye kuificha hapo ndo pana mambo mengi. Mbio ina mazingira yake, na anayejionyesha mara nyingi hadanganyi namba, anachofanya ni kuyakata mazingira. Mteremko hautaji, kwamba alisimamisha saa kwenye taa mara nne hataji, kwamba ana miaka kumi barabarani hataji. Angalia wenyewe wakubwa wanavyolichukulia hili kwa uzito: mwaka 2011 Geoffrey Mutai wa Kenya alikimbia marathoni ya Boston kwa 2:03:02, rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa 2:03:59 ya Haile Gebrselassie, yaani karibu dakika nzima chini, na bado haikuandikwa rekodi ya dunia, kwa sababu njia ya Boston inaanzia mbali na inapoishia na kwa ujumla inashuka, upepo ukiwa wa mgongoni unakubeba. Hamna aliyesema Mutai hakukimbia, alikimbia sana, ila namba yake inasomwa pamoja na njia yake. Sasa sisi huku wa Jumapili unakuta mtu anachukua muda wake wa barabara tambarare ya Dar anauweka mbele ya mtu aliyetoka kukimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi, ambapo unapanda kuelekea Mweka weee mpaka magoti yanaomba msamaha ndo ushuke, halafu anamwambia "mbona dakika zako nyingi hivyo." Mtu alikuwa anatoka kwenye siku kubwa ya mwaka wake, umemzima.

Kwa hiyo ukitaka kushea taja njia, taja hali ya hewa, taja ulianza lini. Ni mstari mmoja tu, na faida yake siyo kujishusha, ni ili mwenzio ajipime na kitu cha kweli.

Halafu raba. Hapa nina deni langu nalisema waziwazi. Mwaka niliopata medali yangu ya kwanza ya 21 binti mmoja mgeni aliuliza kwenye grupu, dada zangu naombeni ushauri wa raba, mi nikamjibu jina la raba yangu na bei, laki tatu na nusu, na picha nikaweka, basi, nikaendelea na mambo yangu. Hakuuliza tena. Wiki mbili mbele akatoka kwenye grupu. Nilikuja kukutana naye miezi baadaye kwenye daladala, nikamuuliza mdogo wangu ulipotelea wapi, akanambia kwa upole tu, "Dada mi niliona mbio ni za watu wenye hela." Lile jibu lake sijalisahau mpaka leo, kwa sababu swali lake lilikuwa na jibu zuri sana na mi nilikuwa nalijua. Raba yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ya mtumba, ya soko la Karume, na nilijua namna ya kuchagua: unaibonyeza soli ya sponji kwa dole gumba, kama haikurudi juu haraka achana nayo imeshakufa, unaigeuza unaangalia kisigino kama kimelika upande mmoja, maana hiyo itakuvuta mguu kwenye mwendo wa aliyeivaa kabla yako, unaivaa na soksi unazokimbilia, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba kwa sababu mguu unavimba ukiwa barabarani. Ningeandika haya na raba ya laki tatu na nusu ningeitaja mwishoni kwamba kwa sasa navaa hii na nimeipenda kwa sababu fulani. Kutaja kitu cha bei siyo dhambi. Tatizo ni pale bei inapokuwa ndo jibu zima.

Ndo maana siku hizi nikitaka kujua posti ni ya upande gani siiangalii sana posti yenyewe, naangalia kinachotokea likija swali. Anayeshea kwake swali ndo utamu wenyewe, umemwasha, atakujibu mpaka umwambie asante kaka inatosha. Anayekoga swali linamchosha kwa sababu yeye alikuwa anasubiri makofi, utaona anajibu "mazoezi tu" au "ni kujituma." Mtu kauliza kichomi kinamkamata kila akifika kilomita ya tatu, unamwambia ajitume? Mwambie apunguze mwendo, avute pumzi ndefu za tumboni, abonyeze pale panapouma, na aangalie kama alikula chakula kizito muda mfupi kabla ya kutoka. Ni sekunde thelathini za kuandika.

Sasa kuna watu wakisikia haya yote wanakuja na ule msemo, chema chajiuza kibaya chajitembeza, wanamaanisha ukiwa mzuri nyamaza watu watakuona wenyewe. Nauheshimu msemo wa wazee lakini kwenye hili mi naona unatumika vibaya. Nani atakuona saa kumi na moja alfajiri? Wanaokuona ni wakimbiaji wenzio, mlinzi wa getini na madereva wa malori. Yule anayekuhitaji yuko nyumbani anafikiria kwamba watu wa aina yake hawakimbii.

Na nimeliona hili kwa macho. Kuna kipindi mtu wa karibu sana wa familia alinambia mbele za watu, "shemeji na wewe kwa kujimwambafai na hizo kilomita," nikaona aibu, nikakaa kama miezi minne bila kuweka chochote statasi. Nikaamini ndo unyenyekevu huo. Siku moja jirani yangu wa ghorofa ya chini akanisimamisha kwenye ngazi, "Mama Imu, kwani uliacha mbio?" Nikamwambia hapana naendelea. Akasema, "Mi nilikuwa nikiona statasi yako asubuhi najua kuna mwanamke mwenzangu yuko barabarani basi na mimi natoka. Ulivyoacha kuweka nikaona labda kuna jambo limetokea njiani nikaogopa." Miezi minne. Alikuwa ameacha kwa sababu yangu na mi nilikuwa najipongeza kwa kunyamaza.

Kwa hiyo hii habari ya kwamba posti lazima iwe na maelekezo ndo iwe ya kushea, siikubali mia kwa mia. Kuna wakati kuonekana tu ndo msaada wenyewe. Mwanamke aliyevaa hijabu na suruali yake ndefu akaweka picha yupo kilomita ya kumi anacheka, hajaandika neno, kuna mwenzake Temeke kaona kwamba inawezekana na mavazi yake na heshima yake. Mzee wa miaka sitini na tano, mtu mwenye mwili mkubwa, mtu aliyetoka kujifungua mwaka jana. Hawa mi nawaambia wekeni picha kila siku, hata kama ni kilomita mbili, na anayewaita wanakoga mwacheni na roho yake. Maana tuseme ukweli, na msomaji naye ana upande wake, kuna siku posti ya mtu inatuchoma kwa sababu sisi wiki hiyo hatujatoka, yeye hajatukosea lolote.

Turudi kwa anayekoga, maana naye anaumia na hili watu hawalisemi sana. Dini imetupa neno ria, tendo linafanywa ili lionwe. Kwenye mbio ria inakuja kukudai kwenye mwili. Nilikuwa na mwenzangu saa yake ikazima chaji kilomita ya 14, akasimama palepale akapanda boda kurudi nyumbani kwa sababu "haitahesabika." Mtu huyohuyo kila wiki watu wakimsifia anaongeza, kutoka kilomita 30 kwa wiki mpaka 60 ndani ya mwezi, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akaanza kuumia ugoko akaendelea hivyohivyo kwa sababu chati isishuke, alikaa wiki nane bila kukimbia. Wakati huohuo yule anayeshea maumivu yake mapema anaandika "wadau mfupa wa mbele ya mguu unaniuma nikibonyeza, nifanyeje," anaambiwa pumzika, kamwone daktari wa mifupa, anarudi baada ya wiki mbili. Kwa hiyo hata ukiniambia hujali wengine wanajisikiaje, chagua kushea kwa faida ya ugoko wako mwenyewe.

Kitu kingine ambacho kinapita haraka ila ni muhimu hasa kwa dada zangu: ramani. Skrinishoti ya Strava, ile programu ya simu inayorekodi mbio zako, inayoanzia mlangoni kwako na kuishia mlangoni kwako, na muda juu, na kila siku muda uleule, huko siyo kushea, umempa kila mtu ratiba yako. Mwanzoni mwa 2018 ile ramani ya Strava inayojumlisha njia za watu wote dunia nzima iligundulika inaonyesha mpaka kambi za kijeshi, kwa sababu tu wanajeshi walikuwa wanakimbia na saa zao. Ndani ya programu kuna sehemu ya kuficha mwanzo na mwisho wa njia, iwashe. Na posti ukisharudi nyumbani umeoga, siyo ukiwa barabarani. Kinachomsaidia mwenzio kwenye njia yako ni wapi pana taa, wapi kuna mbwa, wapi malori yanakata kona bila kuangalia, na wapi utapata maji asubuhi, hivyo vyote unaweza kuviandika bila kuonyesha geti lako.

Siku mbaya je? Hapa tofauti ni kama mchana na usiku. Anayejionyesha hana siku mbaya, ukurasa wake ni medali mpaka medali, na mgeni akiuangalia anaamini yeye peke yake ndo anayetembea njiani. Wakati sisi Watanzania mbio tunayoikumbuka kuliko nyingi ni ya mtu aliyekuwa wa mwisho, John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki ya Mexico City 1968, mji uko juu zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, akaanguka akaumia goti, akafungwa bandeji akaendelea, akaingia uwanjani kwa 3:25 na sekunde zake, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Bandeji ile kila mtu aliiona. Mi kila nikimwona mgeni ana wasiwasi wa kuposti kwamba leo kashindwa nusu njia nafikiria hilo goti.

Ila nisije nikafanya ionekane kwamba furaha imekatazwa. Furaha ni haki. Septemba 2025 Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, 2:09:48, sawasawa na Mjerumani Amanal Petros wakatenganishwa na sekunde 0.03, nani aliyekaa kimya? Tulipiga kelele mpaka majirani wakauliza. Na wewe siku umevunja muda wako wa miaka mitatu, piga kelele, weka medali, weka hata mara mbili. Ninachopendelea mimi ni kumwachia mwenzio atangulie. Bibi harusi hajipigii vigelegele, anapigiwa, na kwenye grupu letu tumeanza utaratibu kwamba aliyekimbia na wewe ndo anaweka picha yako na muda wako, na wewe unakuja chini kueleza ulivyofika. Imebadilisha grupu kuliko sheria yoyote tuliyowahi kuweka. Aibu ya kujisifu imeondoka na maelezo yamebaki.

Kwa hiyo kuchagua. Kama wewe ni mgeni, weka kila kitu, kila kilomita, usijichuje hata kidogo, wewe huwezi kukoga kwa kilomita tatu na sisi tunahitaji kukumbuka zilivyokuwa ngumu. Kama una spidi, usifiche namba yako, ila isitoke peke yake, itoke na ulikotoka nayo. Kama wewe ni kiongozi wa klabu au unafundisha watu, punguza zako weka za wenzio. Na yale maneno "wakati wengine mmelala" yafute kabisa, kuna aliyelala kwa sababu katoka zamu ya usiku hospitalini, kuna aliyekesha na mtoto mgonjwa, hujui.

Sasa yule kijana wa 1:48. Sikutaka kumsema kwenye grupu, nikamtumia inboksi, "Hongera sana mdogo wangu, hebu nifundishe ile umeifikiaje." Akajibu shikamoo dada, halafu kimya, halafu ikaja voisi ya dakika nne na nusu, ana furaha mpaka maneno yanapandana, mara kilima cha Chuo Kikuu kila Alhamisi, mara aliacha chai nzito kabla ya kutoka, mara mwaka jana alizimia karibu na mstari wa kumalizia wa mbio fulani kwa kukosa maji, kila kitu kipo humo. Nikamwuliza sasa haya mbona hukuyaandika? Akasema, "Dada niliogopa, nikieleza sana wataona najisifu, ndo nikaandika yale ambayo kila mtu anaandika."

Nilimwomba aitume ile voisi kwenye grupu kama ilivyo, hata asiirekodi upya. Akasita siku mbili, akaituma. Jumanne jioni walikuwa watu watatu wanamsubiri pale chini ya kilima cha Chuo Kikuu waende naye taratibu, na mmoja ni yule mama wa dakika ya kutembea, kavaa raba za mwanae na soksi mbilimbili ili zimkae.